Jumatatu mbili za Januari: namna gani Murara inatafuta kazi leo

GOMA – Kila asubuhi, mbele ya saa moja, njia za kata ya Murara, komine ya Karisimbi, zinajaa watu. Kuna wamama wenye mabeseni ya unga na nyanya kichwani, vijana wanaosukuma chukudu zilizobeba makala, wamotari wanaosubiri mteja wa kwanza kwenye kona, na watoto wanaoelekea shuleni. Mgeni akipita angesema kwamba hapa kila mtu ana kazi. Lakini ukisimama na kuuliza ni nani kati yao anayejua atapata pesa ngapi mwisho wa mwezi, utakuta ni wachache sana.

Hapo ndipo habari ya ukosefu wa kazi mjini Goma inapoanzia. Watu hawakai bure. Wanatembea tangu asubuhi hadi jioni, wanauza, wanabeba, wanashona, wanatengeneza. Kinachokosekana ni kazi yenye mshahara, yenye karatasi, kazi ambayo mtu anaweza kuitegemea alipe nyumba na minerval ya watoto. Na kazi ya namna hiyo, iliyokuwa haba hata zamani, ilipungua sana katika muda wa wiki moja tu.

Wiki moja, mapigo mawili

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya Jumatatu, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha msaada wa nchi yake kwa mataifa ya nje. Jumatatu iliyofuata, tarehe 27 Januari, wapiganaji wa AFC/M23 waliingia katikati ya mji wa Goma. Mambo hayo mawili yalitoka sehemu mbalimbali na hayakuwa na uhusiano. Lakini kwa mtu wa Murara anayetafuta riziki, yalifika pamoja.

Ili kuelewa uzito wa Jumatatu ile ya kwanza, tukumbuke kwamba mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu 70 kwa mia ya pesa zote za msaada wa kibinadamu nchini Congo. Goma ilikuwa kitovu cha kazi hiyo. Kwa miaka mingi, kijana aliyemaliza chuo kikuu hapa alikuwa na ndoto moja: kuingia kwenye ONG. Madereva, wahasibu, wauguzi, walinzi, wapishi, watu wa kuandikisha wakimbizi, mafundi wa maji, wote walipata mkate wao huko. Miradi ilipofungwa, mikataba ilifungwa nayo. Mwezi wa Februari, kambi za wakimbizi zilizozunguka mji zilibomolewa na watu wakaelekea Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na kazi iliyokuwa imebaki ndani ya kambi hizo ikaisha.

Mtu anaweza kuuliza: ONG ziko Himbi na Katindo, Murara inahusika wapi? Inahusika sana. Tuchukue mfano. Mfanyakazi mmoja wa ONG anapanga nyumba. Anaajiri yaya wa kulea mtoto na sentineli wa usiku. Anapanda moto kila asubuhi, anashonesha nguo za sikukuu, ananunua sambaza na ndizi sokoni, analipa shule ya wadogo zake na ya watoto wa marehemu kaka yake. Mshahara wake ukikatika, yaya anarudi kwao mwezi huohuo. Sentineli anafuata. Fundi wa kushona anabaki na cherehani bila kitambaa. Mtu mmoja ameachishwa kazi kwenye karatasi, lakini watu sita au saba wamepoteza riziki bila jina lao kuandikwa popote.

Pesa ikikwama, kazi inakwama

Jumatatu ya pili ilileta shida ya namna nyingine. Banki zilifunga milango, na tawi la Banki Kuu pia likafunga. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Serikali ya jimbo ikahamishia kazi zake Beni. Kila moja ya milango hiyo ilikuwa na watu wanaoishi kwa kuizunguka.

Banki ikifungwa, si wafanyakazi wa banki peke yao wanaoumia. Mfanyabiashara aliyekuwa na akiba hawezi kuitoa ili anunue mali. Asiponunua mali, hahitaji wabebaji wa mizigo, wala mlinzi wa depo, wala kijana wa kuandika madeni. Mwajiri aliye Kinshasa au Ulaya anayetaka kulipa watu wake hana njia ila simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ndizo zilizobeba mzigo huo. Tatizo ni kwamba pesa ya kwenye simu inahitaji pesa ya mkononi upande wa pili. Noti zikiwa chache na zikiwa zimechakaa, anayetoa pesa anaongeza asilimia yake, na mshahara unaliwa kabla haujafika nyumbani. Mwezi wa Aprili 2025 wenye mamlaka mpya walifungua upya ofisi ya CADECO mjini, lakini ofisi moja ya akiba haiwezi kuchukua nafasi ya banki zote.

Uwanja wa ndege nao ulikuwa soko la kazi. Ndege za mizigo ziliunganisha Goma na Walikale, Kisangani na Kinshasa. Walioishi kwa ndege hizo ni watu wa forodha, wapakiaji, madereva, wauza tikiti, wamama wa chakula, hata watoto wa kuosha gari. Murara haiko mbali na uwanja huo, wala na Birere, wala na njia za kwenda mpakani, na wengi wa hapa walijipatia pesa katika mzunguko huo.

Umebaki mpaka. Kizuizi kidogo, kile tunachokiita petite barrière, kati ya Goma na Gisenyi, ni moja ya mipaka inayovukwa na watu wengi zaidi kwa miguu barani Afrika. Wengi wa wanaovuka ni wanawake wenye mtaji mdogo: mtu anaamka, anavuka, ananunua mboga, maziwa au nyama, anarudi kuuza, jioni analipa deni la asubuhi. Kazi hiyo haijui mwezi, inajua siku moja tu. Ndiyo maana mpaka ukipunguzwa saa, njaa inaonekana usiku uleule. Tuliona hivyo mwezi wa Machi 2020 wakati wa Covid, tukaona tena Juni 2022, saa ya kufunga iliporudishwa hadi saa tisa ya mchana. Serikali inaona saa chache za usalama. Mama wa Murara anaona safari moja badala ya mbili.

Teritware kwa teritware

Goma haiwezi kuelewa shida yake ya kazi bila kutazama teritware zinazoizunguka, kwa sababu kila kazi inayokufa kijijini inasukuma mtu mmoja kuja mjini.

Rutshuru ndiyo iliyolisha Goma kwa maharagwe, mahindi na mboga. Tangu mapigano ya M23 yaliporudi mwezi wa Novemba 2021, wakulima wengi walikimbia mashamba yao zaidi ya mara moja. Mji wa Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda, uliangukia mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022, na kazi ya wadeklara na wapakiaji wa kule ikavurugika. Utalii wa sokwe katika Hifadhi ya Virunga, uliokuwa umeanza kutoa kazi kwa waongozaji, wapishi na madereva, ulisimama mwaka 2018 baada ya wageni kutekwa, ukarudi mwaka 2019, ukafungwa tena mwaka 2020. Kilichobaki na faida ya wazi ni umeme: kituo cha Matebe, chenye nguvu ya megawati zipatazo 13, kinaleta mkondo hadi Goma. Pale umeme unapofika, mashine ya kusaga, ya kuchomelea na ya kunyoa inafanya kazi bila mafuta, na kila mashine ni kazi ya mtu mmoja au wawili.

Masisi ni nchi ya ng'ombe na jibini. Ni pia nchi ya Rubaya, ambako machimbo yanatoa karibu 15 kwa mia ya koltani ya dunia nzima. M23 iliichukua Rubaya mwisho wa Aprili 2024. Vijana wengi wanachimba kule kwa mikono, ndani ya mashimo yanayoweza kubomoka mvua ikinyesha. Ni kazi, na inalipa siku fulani kuliko shamba. Lakini haina bima, haina mkataba, na faida kubwa ya jiwe lile haibaki kwa yule aliyeshuka shimoni.

Walikale imeonyesha namna kazi inavyoweza kuzimika kama taa. Mgodi wa Bisie, wa kampuni ya Alphamin, ulitoa zaidi ya tani 17 000 za bati mwaka 2024, karibu 6 kwa mia ya bati ya dunia. Ni mmoja wa waajiri wakubwa wa kampuni binafsi katika jimbo. Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ilisimamisha kazi na kuondoa watu wake kwa sababu mapigano yalikuwa yanakaribia. Siku chache baadaye M23 iliingia Walikale-kati, halafu ikaondoka mwanzoni mwa Aprili, na tarehe 9 Aprili kampuni ikatangaza kwamba inarudi kazini polepole. Chini ya mwezi mmoja, kazi ya mgodi ilisimama, kisha ikaanza upya polepole.

Beni na Lubero zina hadithi yao. Huko kakao na kahawa zimewarudisha vijana wengi shambani. Bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 12 000 kwa tani mwezi wa Desemba 2024, jambo ambalo halijaonekana kamwe, halafu ikashuka sana mwaka uliofuata. Kwa kijana wa Beni, shamba la kakao lilikuwa linalipa kuliko diploma. Lakini tangu Oktoba 2014 ADF wanaua raia katika eneo hilo, na mara nyingi wanaua hukohuko mashambani. Hivyo kazi iko, pesa iko, lakini njia ya kuifikia inaweza kumaliza maisha. Butembo inaendelea kusimama kwa wafanyabiashara wake, ila barabara ya kwenda Goma imekatwa na mstari wa vita tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa mwisho wa Juni 2024.

Teritware ya Nyiragongo, iliyo mlangoni pa Goma, ndiyo iliyopokea wakimbizi wengi na kupoteza mashamba mengi. Wengi wa watoto wake wanalala kule na kutafuta riziki huku mjini. Ukikutana na kijana wa kubeba mizigo Murara asubuhi, huenda ametoka Kibumba au Kanyaruchinya kwa miguu.

Kwa nini hesabu inasema tuko sawa

Kuna jambo linaloshangaza. Ukitazama takwimu za kimataifa, ukosefu wa kazi nchini Congo uko chini ya 10 kwa mia, kiasi ambacho hata nchi tajiri za Ulaya zingekitamani. Je, mtu aliyeandika hivyo ameshafika Goma?

Jibu liko katika namna ya kuhesabu. Kwa sheria ya Shirika la Kazi la Kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya kulipwa hata saa moja tu katika wiki ya uchunguzi anahesabiwa kuwa na kazi. Shomeri ni yule asiye na kazi kabisa, anayetafuta, na aliye tayari kuanza mara moja. Mama aliyeuza mafungu matano ya nyanya Jumanne ana kazi. Mwenye lisansi ya uchumi anayeuza yuniti chini ya mwavuli ana kazi. Mahali ambapo hakuna serikali inayomlipa mtu asiye na kazi, hakuna anayeweza kukaa shomeri kweli, kwa kuwa atakufa njaa. Kwa hiyo namba inakuwa ndogo, na umaskini unabaki palepale: Banki ya Dunia ilihesabu kwamba mwaka 2024 zaidi ya Wacongomani 7 kati ya 10 waliishi kwa chini ya dola 2 na senti 15 kwa siku.

Namba inayotusemea vizuri ni nyingine. Katika Afrika nzima, zaidi ya 8 kati ya watu 10 wanaofanya kazi wako nje ya mkataba, bima na pensheni. Na sisi tuna shida moja zaidi: sensa ya mwisho ya watu nchini Congo ilifanyika mwaka 1984. Kijana aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wakubwa. Bila kujua Karisimbi ina watu wangapi, au Masisi imebaki na wangapi, hakuna anayeweza kusema kwa haki ni teritware gani inahitaji chuo cha ufundi na ni ipi inahitaji mbegu.

Mshahara wa chini na wale wasio na mwajiri

Mwaka 2025 serikali ya Kinshasa ilipandisha mshahara wa chini kutoka franka 7 075 kwa siku, kiasi kilichowekwa mwaka 2018, hadi franka 14 500, na ikaamua ufike 21 500 kuanzia Januari 2026. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni franka 559 000 kwa mwezi. Ni hatua nzuri. Lakini sheria hiyo inamlinda aliye na mwajiri. Mmotari anayelipa versement kila jioni kwa mwenye pikipiki, msukuma chukudu, mama wa mpakani, hao hawana mtu wa kumwonyesha amri ile.

Hata kwa mwalimu mambo si mepesi. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure mwezi wa Septemba 2019, madarasa yamejaa, lakini walimu wengi bado wanafundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Wana kazi, wana wanafunzi, hawana mshahara.

Zilizobaki ni kazi za mikono. Mji umejengwa upya mara nyingi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani na kuacha watu karibu 120 000 bila nyumba. Juu ya mawe yaleyale meusi watu walirudi kujenga, na waashi, maseremala na wavunja mawe ndio waliopata kazi ya kwanza. Hadi leo, fundi wa umeme wa jua, wa simu, wa kuchomelea au wa pikipiki anapata mteja haraka kuliko mwenye karatasi ya chuo peke yake. Taasisi ya mafunzo ya kazi INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964, iliundwa kwa ajili hiyo: kumpa mtu ufundi kwa muda mfupi. Wazazi wengi bado wanaona ufundi kuwa njia ya mtoto aliyeshindwa shule. Soko la Murara linasema kinyume.

Mambo ya kushika mkononi

Msomaji aliyepoteza kazi, au anayeogopa kuipoteza, ajue mambo haya.

Kwanza, Kanuni ya Kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mkataba uandikwe. Kama mwajiri hakuandika, mkataba unachukuliwa kuwa wa muda usio na mwisho hadi kinyume chake kithibitishwe, na mfanyakazi anaweza kuuthibitisha kwa njia zote: mashahidi, ujumbe wa simu, karatasi za malipo. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa mshahara wako.

Pili, mkataba uliosimamishwa na mkataba uliovunjwa si kitu kimoja. Waajiri wengi walisimamisha kazi kwa sababu ya vita. Omba barua inayosema wazi ni lipi kati ya hayo mawili, na tarehe yake.

Tatu, wakati kazi ni haba, matapeli wanaongezeka. Anayekuomba pesa ya dosye, ya mafunzo au ya mkubwa fulani ili upewe kazi, anatafuta kazi yake mwenyewe mfukoni mwako.

Nne, likirimba na vikundi vya AVEC vimekuwa banki ya mitaa wakati banki zenyewe zimefungwa. Kikundi kidogo cha watu wanaofahamiana, chenye daftari linalosomwa mbele ya wote kila wiki, kimeokoa mitaji mingi. Kikundi kikubwa cha watu wasiojuana, chenye ahadi ya faida kubwa, kimepoteza mingi vilevile.

Kwa wenye mamlaka, popote walipo, orodha ni fupi. Watu wa Goma wanahitaji pesa izunguke, uwanja wa ndege ufunguke, mpaka uwe na saa zinazojulikana, barabara za kwenda Rutshuru, Masisi na Butembo zipitike bila kulipa kwenye kila kamba. Mengine watajifanyia wenyewe, kama walivyofanya mwaka 2002 na baada yake.

Jioni, Murara inajaa tena. Wamama wanarudi na mabeseni mepesi, chukudu zinateremka tupu, wamotari wanahesabu versement na kuona kilichobaki. Kwa hesabu za dunia, wote hao walikuwa kazini leo. Wao wenyewe wanapima kwa namna nyingine: kama chungu kimewekwa motoni, na kama ya kesho imebaki.